Mtu Mzima Mmoja, Kijana Mmoja: Uchambuzi wa Wito wa Kuwashika Vijana Mkono

Wito wa kuwataka watu wazima wawashike vijana mkono husikika Afrika Mashariki kila msimu: kwenye mahafali ya kidato cha nne, misikitini na makanisani, kwenye mikutano ya hadhara na redioni. Huzidi pale habari za ajira, dawa za kulevya au mimba za utotoni zinapotawala. Hakuna anayeupinga. Utata huanza pale mtu aliyeguswa anapouliza afanye nini kesho asubuhi. Mmoja ataambiwa alipe ada ya mtoto wa jirani, mwingine aje atoe nasaha shuleni, wa tatu amtafutie kijana nafasi ya kazi ofisini kwake. Hayo ni mambo matatu tofauti, na hakuna hata moja kati yake linalogusa kiini cha jambo.

Neno moja, kazi nne

Sehemu ya utata imo kwenye lugha. Mlezi ni mwenye dhamana ya maisha ya mtoto, ingawa shuleni jina hilo hupewa pia mwalimu anayesimamia klabu. Mnasihi ni mtu aliyesomea kusikiliza na kutunza siri. Mfadhili hutoa fedha. Fundi humfundisha kazi mwanagenzi wake. Neno mentori, lililoingia kupitia mashirika na vyuo, limechota kidogo kwa kila mmoja wa hao wanne bila kumwondoa yeyote, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kukubaliana kwamba kijana anahitaji mentori huku kila mmoja akiwa na picha yake kichwani.

Kwa upande wa vijana picha hiyo ina jina la wazi zaidi. Kijana anayetafuta kazi Dar es Salaam au Mombasa husema "sina mtu", maana yake hana wa kumwombea nafasi mahali. Anatafuta koneksheni. Mtu mzima naye huja na nasaha: soma kwa bidii, epuka marafiki wabaya, mimi nilianza na shilingi mia. Wawili hao hukaa meza moja wakisubiriana, kijana akingoja nasaha ziishe ili mazungumzo ya maana yaanze, mtu mzima akingoja nasaha ziingie. Mahusiano mengi ya aina hii hufa katika wiki za mwanzo bila ugomvi wowote. Simu tu haipokelewi tena.

Umri nao huongeza mkanganyiko. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya inaanzia 18 na kuishia kabla ya kutimiza 35. Kwa hesabu hizo mwanafunzi wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu wamo kapu moja. Wa kwanza anahitaji mtu mzima wa kumsikiliza na kumlinda, wa pili anahitaji aliyemtangulia kwenye biashara, na mara nyingi huyo wa pili angefaa kuwa mwongozaji wa wa kwanza. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na katika kila wanne, watatu walikuwa chini ya miaka 35. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba ikiwa "mtu mzima" maana yake ni mwenye mvi, watu wazima hawatatosha.

Hoja ya kurudi kwenye mila

Mkondo wa kwanza wa mawazo unasema jambo hili halihitaji kubuniwa upya. Jamii za eneo hili zilikuwa nalo. Pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke mzima ambaye si mama yake, aliyemfunda mambo ambayo mama asingeweza kuyatamka na kumfuata hadi siku ya harusi. Kwa Wazaramo, Wayao na Wamakonde kulikuwa na jando na unyago, na makungwi na manyakanga wake. Kwa Baganda kazi hiyo ni ya ssenga, dada wa baba. Kwa Wamaasai, rika jipya la vijana huwa chini ya uangalizi wa rika la wazee waitwao olpiron, ambao si baba zao wala si ndugu zao wakubwa. Uhusiano huo hufungwa kati ya rika na rika na huendelea kwa miaka mingi.

Nguvu ya utaratibu huo haikuwa kwenye mafunzo peke yake. Ilikuwa kwenye mgawanyo wa dhamana. Kila mtoto alikuwa na mtu, si mwenye bahati tu au mwenye alama nzuri, na mtu huyo alijulikana kwa jina na mtaa mzima. Akikosea, kulikuwa na pa kumshitakia. Vilevile mila ilitambua jambo ambalo tafiti zilikuja kulikuta baadaye: mzazi peke yake hatoshi, kwa sababu kuna umri ambao mtoto humficha mzazi wake yale yale anayohitaji kuyasema.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Mafunzo yalimwandaa msichana kwa ndoa na mvulana kwa mamlaka, na katika jamii kadhaa yaliandamana na ukeketaji, ambao Tanzania iliuharamisha mwaka 1998 kwa walio chini ya miaka 18 na Kenya ikautungia sheria maalumu mwaka 2011. Wanaotaka mila irudi nzima hawasemi watafanya nini na sehemu hiyo. Zaidi ya hapo, utaratibu ule ulisimama juu ya watu kuishi pamoja. Ssenga aliyeko Masaka hawezi kumfunda binti aliyepanga chumba Kampala kwa ujumbe wa sauti wa Jumapili. Kinachoweza kurithiwa ni muundo: mtu mzima asiye mzazi, anayejulikana na wote, aliyekabidhiwa mtoto hadharani.

Hoja ya programu, na namba zake

Mkondo wa pili unategemea programu zinazomkutanisha mtu mzima wa kujitolea na kijana asiyemjua. Mfano uliopimwa kuliko yote ni Big Brothers Big Sisters ya Marekani, ambayo mizizi yake ni mwaka 1904, pale karani wa mahakama ya watoto mjini New York, Ernest Coulter, alipowaomba wanaume waungwana kila mmoja amchukue mvulana mmoja aliyefikishwa mbele ya hakimu. Ombi lake lilikuwa na hesabu ndani yake: mmoja kwa mmoja.

Mwaka 1995 ulitolewa utafiti uliowafuata watoto 959 wa programu hiyo, wenye umri wa miaka 10 hadi 16, kwa miezi 18. Nusu walipewa mtu mzima, nusu wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Waliopewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya na asilimia 27 wa kuanza pombe, na walikosa nusu tu ya siku za shule walizokosa wenzao. Namba hizo zimenukuliwa kila mahali hadi leo. Zilizofuata zimenukuliwa kidogo. Mapitio ya mwaka 2002, yaliyojumlisha tathmini 55 za programu mbalimbali, yaliona faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo. Mwaka huohuo watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walizipanga data za utafiti wa 1995 kwa muda ambao kila uhusiano ulidumu. Vijana waliokaa na mtu wao mwaka mzima au zaidi ndio waliobeba sehemu kubwa ya faida. Wale ambao uhusiano ulivunjika ndani ya miezi mitatu walishuka katika namna walivyojithamini, wakawa chini kuliko walivyoanza.

Hapo ndipo penye uzito wa suala zima, na ndipo panaporukwa zaidi. Mtu mzima anayeanza na kuacha hamwachi kijana alipomkuta. Kijana aliyekwisha kuachwa na baba, akahamishwa kwa bibi, akafukuzwa shule kwa ada, anasoma kutoweka kwa mtu huyu kama uthibitisho wa jambo alilolishuku tangu mwanzo kuhusu nafsi yake.

Kuna utafiti mwingine wa kuwatahadharisha wapenda programu. Huko Massachusetts, Marekani, kuanzia 1939 hadi 1945, mradi wa Cambridge-Somerville uligawa wavulana 506 katika makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa na washauri, likasaidiwa masomo, likapelekwa kambini. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima na mwaka 1978 akatangaza kwamba waliosaidiwa hawakuwa bora. Katika vipimo kadhaa, ulevi na maradhi ya akili yakiwemo, walikuwa na hali mbaya zaidi. Moja ya maelezo aliyoyapendekeza ni kwamba walizoeshwa msaada wa watu wa nje, kisha ukaondolewa. Kwa hiyo muda peke yake hautoshi. Nia njema, bajeti na miaka kadhaa vinaweza kumdhuru kijana kama uhusiano unamfanya ategemee badala ya kumjengea miguu.

Karibu na nyumbani, Rwanda ilipitia hali iliyolazimisha majaribio. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kulikuwa na nyumba nyingi zilizoongozwa na watoto wenyewe. Wanavijiji wa kujitolea walichaguliwa kuzitembelea, na katika baadhi ya miradi waliitwa Nkundabana, yaani "nawapenda watoto". Tathmini iliyofanywa kusini mwa nchi ilionyesha kwamba vijana waliotembelewa walijiona wametengwa na jamii kwa kiwango kidogo kuliko awali, na kwamba wana mtu mzima wa kumtegemea. Majonzi yalipungua kidogo tu. Matokeo hayo ni ya kuaminika kwa sababu ni ya kawaida: jirani anayebisha hodi mara kwa mara hafuti msiba, ila humrudisha mtoto katikati ya watu.

Karakana: mwongozo usiojiita mwongozo

Mkondo wa tatu hautajwi sana kwenye makongamano, na huenda ndio unaowafikia vijana wengi kuliko yote. Ni ule wa fundi na mwanafunzi wake. Kamukunji mjini Nairobi, ambako bati hugongwa kutwa kuwa majiko, toroli na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na Keko mjini Dar es Salaam kwa maseremala, kuna maelfu ya vijana walio mikononi mwa watu wazima kila siku, saa kumi kwa siku, bila ofisi ya mradi.

Kijana anayeingia kwa seremala haanzi na mbao. Anaanza na kuzoa maranda na kufuata chai. Baada ya wiki kadhaa anapewa msasa na mguu wa kiti, na fundi anapitisha kidole gumba juu ya alichosugua bila kusema neno. Akiurudisha mguu mezani, kazi haijaisha. Randa huja baadaye, na msumeno wa umeme baadaye zaidi. Katika muda huo kijana anasikia fundi anavyobishana bei, anavyomjibu mteja aliyekasirika, anavyogawa pesa ya Jumamosi. Anajifunza pia kumwambia mteja "njoo kesho" kwa kabati ambalo halijaanza kukatwa. Malezi hayachagui cha kurithisha.

Kinachofanya uhusiano huu udumu ni kwamba una sababu ya kuwepo nje ya wema. Hakuna anayelazimika kutafuta la kuzungumza, kwa maana kazi ipo kati yao, na mazungumzo mazito hutokea pembeni, macho yakiwa kwenye mbao. Mvulana wa miaka 17 asiyeweza kumjibu mshauri wa shule zaidi ya "poa" anaweza kumweleza fundi wake habari za nyumbani kwa sababu hakuulizwa.

Hasara zake zinajulikana mitaani. Mwanafunzi anaweza kukaa miaka mitatu akiwa saidia fundi bila kulipwa, kwa sababu siku akiiva atahamia kibanda cha jirani na kuwa mshindani. Fundi humficha baadhi ya mbinu. Usalama kazini ni mdogo, wasichana ni wachache, na mwisho wa yote hakuna cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa vyeti. Hatua hiyo inatibu tatizo la cheti. Haigusi makubaliano kati ya fundi na kijana, ambayo hadi leo ni ya mdomo.

Kuhusu hotuba za kuhamasisha, za ukumbini au za mtandaoni, hakuna haja ya kurefusha. Zinaweza kumfungua kijana macho. Lakini mzungumzaji hamjui msikilizaji wake, na uhusiano hauanzi.

Kinachowarudisha watu wazima nyuma

Wito wa kawaida huchukulia kwamba watu wazima hawana moyo. Dhana hiyo ni dhaifu katika eneo ambalo karibu kila mwenye mshahara analea mtoto wa ndugu. Sababu za kusita ni nyingine, na zina mantiki.

Ya kwanza ni fedha. Anayemkaribisha mtoto wa mtu kwa mazungumzo huhesabiwa kuwa ameahidi: leo ni daftari, mwezi ujao ni ada, mwakani ni nauli ya kwenda chuo. Mtu mwenye watoto wanne na wazazi kijijini anaona mlolongo huo tangu mbali na kukaa kimya. Kumwita mchoyo ni kosa. Amesoma mazingira sawasawa.

Ya pili ni kushukiwa, na hapa suala ni gumu kweli. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa takwimu hizo, mzazi anayemtilia shaka mwanamume anayejitolea "kumlea" binti yake ana haki kamili. Mwanamume mwema naye, akijua hivyo, hujiweka mbali, na nafasi anayoiacha inaweza kujazwa na asiye na haya. Kinachofaa ni kanuni za wazi: kukutana mahali panapoonekana, mzazi au shule kujua siku na saa, kutokuwepo zawadi za siri wala ujumbe wa usiku, na uchunguzi wa awali kama cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi. Wapo wanaolalamika kwamba masharti hayo yanawatisha wanaojitolea. Yanamlinda mtu mzima mwema pia, kwa kuwa bila kanuni hana cha kujitetea nacho siku maneno yakianza. Kati ya kupata watu wengi haraka na kupata wachache waliochunguzwa, la pili ndilo la kuchagua, hata kama litapunguza idadi kwenye ripoti.

Ya tatu ni kujiona hafai. Mama anayeuza vitambaa Kariakoo kwa miaka 20, akilea wasaidizi wawili watatu dukani, husema hana elimu ya kumshauri mtu. Mabango ya programu yenye picha za mameneja wenye suti yamemthibitishia hivyo. Ni hasara ya bure. Utafiti wa Emmy Werner uliowafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, ulionyesha kwamba katika waliokulia kwenye shida nzito, takriban theluthi moja walikua vizuri. Miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha ni kuwepo kwa mtu mzima thabiti karibu nao: bibi, mwalimu, jirani, mtu wa kanisani. Shahada haikuwa sharti.

Posho au kujitolea

Mjadala unaogawanya hata walio ndani ya kazi hii ni wa malipo. Wanaotetea posho husema nauli na muda si bure, na kwamba anayelipwa huja. Wapinzani hujibu kwamba akija kwa posho ataondoka na posho. Mpango wa DREAMS wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2014 kupunguza maambukizi ya VVU kwa wasichana katika nchi kumi za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, ulitumia wanawake waongozaji waliokutana na vikundi vya wasichana mahali salama. Januari 2025, misaada ya nje ya Marekani iliposimamishwa kwa amri, miradi mingi ya namna hiyo ilikatika ghafla, na wasichana wakapata hasa kile ambacho Grossman na Rhodes walikionya: uhusiano uliokatwa na mtu asiyewajua.

CAMFED, shirika la kusomesha wasichana lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kufika Tanzania miaka ya 2000, linajaribu njia ya katikati. Wasichana waliosomeshwa nalo wakamaliza sekondari hurudi kwenye shule za kwao kuwaongoza wadogo zao. Hawalipwi mshahara. Huweza kupata mkopo wa kuanzisha biashara usio na riba, na "riba" yao huwa ni muda wanaoutumia shuleni. Uzuri wake ni kwamba mwongozaji anabaki kijijini na anapata njia ya kuishi. Kasoro ni kwamba mwongozaji naye ni kijana, aliyemzidi anayemwongoza kwa miaka michache tu, na baadhi ya mambo yanahitaji mtu aliyekwisha kuvuka mbali zaidi.

Mizani

Ushahidi hauungi mkono upande mmoja mzima. Mila inashinda kwa kugawa dhamana bila ubaguzi, programu kwa usalama na upimaji, karakana kwa kudumu. Kila moja inashindwa pale nyingine inapofaulu, na si kila sifa inaweza kuunganishwa: kadiri kanuni zinavyoongezeka, ndivyo uhusiano unavyopoteza ule urahisi wa kibandani kwa fundi.

Panapolazimika kuchagua, kudumu kuwe mbele ya wingi, na ukaribu mbele ya cheo. Vijana wenyewe waachwe wamtaje mtu. Tafiti za Marekani juu ya mpango uliowataka vijana wamtafute mwongozaji miongoni mwa watu waliowafahamu zilionyesha kwamba uhusiano ulidumu zaidi pale kijana alipochagua mwenyewe kuliko pale alipochaguliwa mwongozaji na watu wengine. Hapa kwetu orodha hiyo ipo tayari: fundi, kocha wa timu ya mtaa, ustadhi wa madrasa, mama wa duka, mwalimu aliyestaafu. Wanachokosa ni kukabidhiwa kijana mbele ya wazazi, kanuni za kufuata, na mtu wa kumpigia jambo likiwazidi. Na fedha zitengwe na uhusiano. Anayetaka kulipa ada ailipe shuleni, asiwe yeye anayekutana na kijana, ili mazungumzo yasigeuke maombi.

Wito wenyewe basi upunguzwe ukubwa. Mtu mzima asiombwe kuokoa kizazi. Aombwe saa moja kila wiki mbili, kwa kijana mmoja mwenye jina, mahali pa wazi, kwa mwaka mzima, na aambiwe mapema kwamba kama hana uhakika wa mwaka, ni heri asianze. Watakaokubali kwa masharti hayo watakuwa wachache sana kuliko wanaopiga makofi ukumbini. Hao ndio wa kuanza nao.